Maswali ya hesabu ya intavyuu za fomu wani: kagua alama kabla hujatoa hela

Msimu wa intavyuu, ile mitihani ya kuingilia shule binafsi na seminari, ndo huu, na simu yangu imejaa picha za vitabu vya maswali, kila mzazi anauliza achukue kipi. Picha iliyonikera kuliko zote imetoka kwa mama mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Swali limechapwa hivi: Rahisisha 21/2 + 11/4. Binti yake kafanya, kapata 13¼. Majibu ya nyuma yanasema 3¾. Mtoto kasemwa, kaambiwa arudie, karudia, jibu lilelile, mwishowe akaanza kulia kwamba hesabu haziwezi. Sasa kaa na kalamu ufanye mwenyewe: 21 gawa kwa 2 ni 10½, 11 gawa kwa 4 ni 2¾, jumlisha unapata 13¼. Mtoto yuko sahihi jamani! Mchapaji alikusudia 2½ + 1¼, namba zikagandana, na hakuna aliyesoma kabla ya kudurufu.

Kwa hiyo mambo ya kitabu kina maswali mangapi au jalada linang'aa vipi ulizeni kwingine, mimi naangalia alama zimechapwaje basi. Fungua kurasa za sehemu, za pembe na za desimali ukiwa bado umesimama dukani. Alama ya nyuzi ikishuka kidogo tu, 60° inasomeka 600, na mtoto anatafuta pembe ya tatu ya pembetatu ambayo zote zikijumlishwa hazizidi 180. Kipeo kikishuka, 5² inakuwa 52. Nukta ndo usiseme, fotokopi ya fotokopi inaimeza kabisa, 3.5 inakuwa 35.

Namba moja kwangu ni NECTA, Baraza la Mitihani, na sina aibu kusema napendelea. Mitihani ya darasa la saba iliyopita ipo kwenye tovuti yao bure, unashusha unaprinti, alama zimekaa zinavyotakiwa, na ipo ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kama mtoto anatoka kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali ya Kiswahili, shusha zote mbili azifanye sambamba, kwa sababu intavyuu nyingi za shule binafsi ni za Kiingereza na mtoto anayeijua MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) vizuri kabisa anaweza kukwama kwenye maelekezo tu. Ila kitu ambacho wazazi wengi hawakigusi ni zile taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Wanachukua swali, wanakuonyesha wanafunzi walikosea wapi na kwa nini walivutwa na jibu lisilo sahihi. Hakuna kitabu cha steshenari kinachokupa hiyo, narudia, hakuna.

Namba mbili, vitabu vya Taasisi ya Elimu vya darasa la sita na la saba. Vimechapwa safi, na kwenye maktaba mtandao yao unasoma bila kulipa. Ubaya wake maswali ni ya kujifunzia, hayambani mtoto kwa muda, kwa hiyo weka saa mezani mwenyewe.

Namba tatu, moko za mikoa na wilaya, ile mitihani ya majaribio. Maswali ni magumu kweli na nayapenda, shida yanatembea mkono kwa mkono hadi kopi inayokufikia mchoro umebaki kivuli. Omba kwa mwalimu iliyo safi, au acha.

Halafu hivi vitabu vya "Maswali na Majibu ya Intavyuu". Kimoja nimekikuta steshenari ya hapa mjini, 12,000, kimeandikwa toleo jipya, nikakilinganisha na cha mwaka jana cha mtoto wa jirani: maswali yaleyale, makosa yaleyale, kilichobadilika ni rangi ya jalada na elfu nne zilizoongezeka. Namwonyesha muuzaji ananijibu "mama mimi nauza tu, sikuandika mimi." Sawa, na nyanya za soko la Majengo nazo muuzaji hakuzizaa lakini mbovu ananibadilishia! Huku kwenye vitabu ukishafika nyumbani imekula kwako, na wanajua mzazi mwenye intavyuu Jumamosi hana muda wa kubishana.

Kuna wengine wanauza "intavyuu ya Msalato". Msalato, Kilakala, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, hizi ni shule za serikali za vipaji maalumu, mtoto anachaguliwa kwa matokeo yake ya darasa la saba. Intavyuu ni za shule binafsi na seminari. Anayekuuzia hiyo karatasi mwambie akakae yeye huo mtihani.

PDF za buku, yaani elfu moja, za kwenye magrupu ya WhatsApp: hapana. Nyingi ni mitihani ileile ya NECTA ya bure, imepigwa picha kwa simu, kona imekatwa.