TAHADHARI: "Dawa ya kufufua raba" za pikipiki za zamani. Usiruhusu ifike kwenye breki

Wakuu, kama una pikipiki ya zamani, iwe DT, XL, TF au AG100, na umeanza kutumiwa video za jamaa anayeuza "dawa ya kufufua raba", soma hapa kabla hujatuma hela. Jina na namba siweki, maana kila akilalamikiwa anabadilisha ukurasa na laini, na tayari wapo wanaomuiga. Mtambueni kwa mzigo wake.

Anauza vitu viwili. Cha kwanza ni dawa yenyewe: kimiminika cha njano hafifu kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, haina lebo, shilingi 35,000 na nauli ya basi juu yako. Cha pili ni raba anazoziita "mpya za stoo, Japani orijino": mipira ya kabureta, mipira ya ea klina, bushi, sili za shokapu, hadi vifaa vya raba vya breki. Mpya hakuna. Ni raba zilizong'olewa kwenye pikipiki chakavu, zikalowekwa, zikapakwa rangi ya viatu na kufungwa kwenye nailoni.

Video yake inavutia. Anashika mpira wa kabureta uliokakamaa, anaugonga mezani unalia ko, ko, ko. Anautumbukiza kwenye dawa, kesho yake anaukunja kwa vidole viwili. Mpira umelainika kweli, hapo hakuna ujanja wa kamera. Uongo uko kwenye maneno: kwamba raba imerudi upya, kwamba itadumu miaka kumi, na hili ndilo lililonifanya niandike, kwamba dawa inafaa raba yoyote ya pikipiki, breki zikiwemo.

Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 namna ya kupika mpira na salfa, kazi ya salfa ni ileile: inafunga nyuzi ndefu za mpira zishikane, ndiyo maana raba ikivutwa inarudi. Kiwandani wanaongeza na mafuta ya kulainisha. Miaka ikipita, joto la injini na hewa vinazidisha mafundo kati ya nyuzi hizo, huku yale mafuta yakitoka kidogo kidogo. Ozoni ya hewani nayo inapasua mahali raba ilipovutika, kwa hiyo nyufa utazikuta kwenye mikunjo kwanza. Hakuna cha kumimina kitakachofungua mafundo hayo au kuunganisha ufa. Kinachotokea ni raba kunywa kimiminika na kuvimba, na kuvimba kunaifanya iwe laini mkononi.

Chupa zake nimezifungua, wateja wameniletea gereji. Zinanuka thina pamoja na ile harufu ya dawa ya kuchulia misuli. Ni mchanganyiko ambao mafundi wa pikipiki za zamani wanaujua siku nyingi: mafuta ya wintagrini (ndiyo hiyo harufu ya kuchulia) sehemu moja, zailini (jamii ya thina) sehemu mbili au tatu. Na niseme haki, una kazi yake. Mpira wa ea klina uliokakamaa lakini haujapasuka unaweza kuulowesha, ukauacha kwenye hewa mpaka usinyae urudi saizi yake, na ukafungika bila kuchanika. Basi. Huyu bwana amechukua ukweli huo mdogo akaujengea biashara ya kuumiza watu.

Tena anaiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa! Mafuta ya wintagrini ni methili salisileti, ndugu yake aspirini. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo yakiwa halisi kina nguvu ya zaidi ya vidonge 20 vya aspirini vya mtu mzima, kiasi cha kuua mtoto mdogo. Zailini yenyewe mvuke wake unalevya, na inashika moto upesi. Ukiwa nayo nyumbani, leo hii iandike SUMU, ifungie mbali na watoto na mbali na jiko.

Sasa breki. Sili nyingi za breki za maji zimetengenezwa kwa raba ya EPDM. Raba hiyo inaelewana na mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, lakini haielewani kabisa na petroli, dizeli, oili wala thina, ikivigusa inavimba. Ndani ya masta silinda (pampu ya breki) kuna kitundu chembamba sana cha kurudishia mafuta kwenye kikopo ukiachia breki. Sili ikivimba inakiziba. Ukishika breki, mafuta yanakwenda, ukiachia, hayarudi. Pedi zinabaki zimebana diski, diski inachemka, mafuta yanapanuka, pedi zinazidi kubana.

Kijana mmoja aliniletea DT ya diski aliyokuwa ameifunga "sili mpya" za huyu jamaa. Gurudumu la mbele lilijifunga akishuka mlima, akaanguka, akavunjika mtulinga. Nilipofungua masta silinda, pistoni haikurudi hata nilipoibonyeza na bisibisi. Sili ilikuwa imetuna, mdomo wake uliopaswa kuwa mkali umejikunja kwa nje, na nilipoifinya ilitoa majimaji yenye harufu ileile ya chupa.

Kwenye injini madhara yanachelewa, lakini yanakuja. Mpira kati ya kabureta na silinda kwenye DT na TF umegandishwa kwenye chuma. Ukivimba, unaanza kubanduka pale unaposhikana na chuma. Hewa ya wizi inaingia, mchanganyiko unakosa petroli, na injini ya tu-stroku ikikosa petroli inakosa pia oili iliyochanganywa humo. Inachemka, inanoki. Ule wa upande wa ea klina ukilegea, inameza vumbi na ringi zinakwisha. Kuhakikisha, washa injini iungurume taratibu bila kuivuta mafuta (sailensa), chukua bomba la sindano, tiririsha maji kidogo kuzunguka mpira. Mngurumo ukibadilika, hewa inapita. Msitumie petroli kwa kipimo hiki, injini ni ya moto.

Ukiuziwa raba dukani au ikija kwa basi, inuse kwanza. Raba mpya inanuka raba. Ipanguse na kitambaa cheupe, kikitoka cheusi na mafuta, jiulize. Halafu ingiza kidole ukingoni, tafuta alama ya klipu: mpira uliowahi kufungwa una mfereji mwembamba wa mviringo ambao hakuna rangi inayoufuta. Ukunje kwenye mwanga mkali utazame ndani ya mkunjo, nyufa za nywele zipo humo. Kama una muda, uache juani. Uliovimbishwa unasinyaa na kukakamaa tena. Matairi nayo wanayapaka yang'ae, hayo angalia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009.

Mpira wa kabureta uliopasuka ni wa kubadilisha. Pima kipenyo cha ndani na umbali wa tundu za bolti kwa vernia, mara nyingi utapata wa pikipiki nyingine unaokaa sawasawa, tena kwa bei nafuu kuliko hiyo chupa. Ukiwa mgumu kidogo wakati wa kufunga, maji ya moto yanatosha. Sili za breki nunua mpya zilizofungwa kiwandani, zipake mafuta ya breki safi wakati wa kuzifunga. Lipa ukishaona mzigo, dai risiti ya EFD. Bidhaa bandia zinapelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na namba za simu za matapeli zinatumwa 15040.

Kama dawa hii imeshagusa breki zako, usiiendeshe pikipiki hata mpaka kwa fundi, ibebe. Mwaga mafuta yote, ondoa kila raba kuanzia masta silinda mpaka kalipa pamoja na hosi, safisha kwa spiriti, usisafishe na petroli, kisha funga mpya. Zile za zamani usizitupe. Ziweke kwenye mfuko pamoja na chupa na meseji za malipo, ndio ushahidi wako polisi.