Tangi la choo botini mwangu, na jibu la fundi mkuu

Boti yangu huchukua wageni jioni kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa hadi ndani ya Hori ya Tudor, na kwa miaka mingi choo chake kilitoa uchafu moja kwa moja baharini. Kaskazi ilipoanza niliamua kulikomesha jambo hilo, nikaipeleka kwenye karakana moja, nisiyotaka kuitaja, ili nifungiwe tangi la lita 100.

Tangi lenyewe ni zuri. Kijana aliyelifunga alilikalisha chini karibu na mkuku, akalichongea mbao za kulishikilia na kulikaza kwa mikanda miwili, kwa kuwa alijua kwamba likijaa ni uzito wa kilo 100 na zaidi unaoyumba kwa kila wimbi. Hadi leo halijavuja hata tone.

Kilichoniharibia ni bomba la kupumulia. Uchafu unapoingia tangini, hewa iliyomo lazima ipate pa kutokea. Fundi mkuu alitia mpira mwembamba kama kidole cha mwisho, akaupitisha nyuma ya benchi, ukalegea na kufanya tumbo katikati. Siku ya tatu au ya nne bahari ilichafuka kidogo, uchafu ukapanda, ukatuama kwenye tumbo lile na kuziba njia. Mama mmoja wa makamo, aliyekuja na wajukuu zake, alipoivuta pampu ya choo, hewa iliyobanwa iliurudisha uchafu juu ukamrukia nguoni. Nilimwomba radhi mbele ya wajukuu hao, na kila nikiukumbuka uso wake naona aibu upya.

Niliporudi karakanani, fundi mkuu hakuinuka hata kitini. Aliniambia, "Nahodha, unajitafutia taabu bure. Kanuni za uchafu wa choo za MARPOL, ule mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, ni za meli za safari za kimataifa, za tani 400 na zaidi au zinazobeba watu zaidi ya 15. Wewe mwaga tu, maji ya bamvua yatabeba."

Ni kweli kwamba boti yangu haimo katika kanuni hizo. Lakini mkataba huohuo unazikataza meli kubwa kumwaga uchafu mbichi zikiwa ndani ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, naye ananituma mimi niumwage kwenye hori, penye mikoko, ambako watoto wa watu huogelea. Maji yakikupwa huondoka nao, yakijaa huurudisha palepale. Mtu aliyezeeka pwani hii hakosi kulijua hilo.

Nilikusudia kuwaambia wenzangu wasiikanyage karakana hiyo. Hata hivyo, yule kijana alikuja mwenyewe Jumapili moja bila kuitwa, akautoa mpira ule na kuweka wa inchi moja na nusu unaopanda moja kwa moja bila kulegea, na tangu hapo hakuna harufu. Basi nendeni, mkamwulize yeye. Lakini hapana, msiende, kwa sababu fedha hupokewa na yule aliyekaa kitini, na kijana hakulipwa hata nauli ya siku ile.

Bakaa ya malipo ninayo bado. Fundi mkuu amepiga simu mara mbili kuidai, nami nimemjibu kwamba ataipata siku atakapokuja kumwomba radhi yule mama.