Kishikilia fyuzi cha nje: mbadala wa tundu lililoungua

Kwenye magari ya zamani, tundu la fyuzi ya taa kubwa huungua huku fyuzi yenyewe ikiwa nzima. Chanzo ni mguso uliolegea: ukinzani unapanda, joto linayeyusha plastiki, lakini mkondo haujazidi kiasi cha kukata fyuzi. Kuweka fyuzi mpya hapo hakusaidii kitu, na kuweka kubwa zaidi ni kuhatarisha gari.

Kishikilia cha nje, yaani kikasha cha fyuzi kinachoungwa kwenye waya badala ya tundu hilo, chenye mfuniko wa mpira ni bidhaa nzuri na ya bei nafuu, ila kagua waya wake kwanza. Vingine vimeandikwa ampea 30 lakini waya ni mwembamba mno; viache dukani. Taa mbili za wati 60 kwa volti 12 hula ampea 10, hivyo fyuzi ya 15 na waya wa milimita za mraba 2.5 vinatosha.

Chomoa hasi ya betri. Kata waya wa zamani hadi ufikie shaba inayong'aa, maana iliyogeuka nyeusi haipitishi umeme vizuri. Unga waya huo na wa kishikilia kwa kiungio, ukibane kwa koleo lake maalumu, kisha vika mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Washa taa dakika kumi uguse kishikilia: kikiwa vuguvugu ni sawa, kikichoma bana upya.