Kombe la Dunia la kriketi: ova 50 au ova 20?

La ova 50 (ova moja ni mipira 6 inayorushwa) ndilo kongwe. Lilianza Uingereza mwaka 1975, wakati huo kila timu ikicheza ova 60, na Australia imelitwaa mara 6. La ova 20 lilizaliwa Afrika Kusini mwaka 2007, India ikaishinda Pakistan kwa mikimbio (pointi za kriketi) 5 tu kwenye fainali.

Mimi moyo wangu uko kwa lile refu, na sababu yake ni Kenya. Pune, India, 29 Februari 1996: vijana wa nahodha Maurice Odumbe wanapata mikimbio 166 tu, watu wanajua mambo yamekwisha. Kisha Brian Lara, mpigaji nyota wa West Indies (timu ya visiwa vya Karibi), anaugusa mpira wa Mkenya Rajab Ali kidogo tu, mwenzake Tariq Iqbal anaudaka nyuma ya wiketi (vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji), Lara anatolewa, na West Indies wanaanguka kwa 93. Mwaka 2003, jijini Nairobi, Collins Obuya akaangusha wiketi 5 za Sri Lanka, yaani akawatoa wapigaji 5, Kenya ikafika nusu fainali. Ova 50 zinampa mnyonge muda wa kujipanga.

Ova 20 hazina subira. Sri Lanka hao hao waliilipua Kenya kwa kupata mikimbio 260 mwaka 2007. Lakini mlango wake ni mpana: mwaka 2024 Uganda waliingia kwa mara ya kwanza na kuifunga Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova 4, akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2.