Fundi cherehani wa jirani na Independence Avenue, na jezi yangu ya Gonzalez

Waswahili wenzangu wa Kansas City mnaouliza kila siku nani anashona vizuri: yupo mama mmoja Mkongo, mtu wa Uvira, anashonea sebuleni kwake nyuma kidogo ya Independence Avenue. Jina lake siliweki hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa, ila ukiuliza kwenye maduka yanayouza unga wa muhogo na mawese pale mtaani utaelekezwa.

Nilimpelekea jezi nyekundu ya Chiefs, timu yetu ya mpira wa Kimarekani hapa Kansas City, namba 88, ya Tony Gonzalez. Nilipewa Januari 2005 na mzee mmoja tuliyekuwa tukifanya naye zamu ya usiku ghalani, baridi yangu ya kwanza Marekani, nilipokuwa na koti moja tu. Namba zake ni za kushonwa, si za kupigwa chapa: kitambaa cheupe juu, cha manjano chini kikichungulia ukingoni, na mshono wa zigizaga umezunguka kote. Mwezi uliopita niliiacha kwenye sehemu moja ya kufulia, wakaitia kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali. Ilirudi namba zimejikunja kama dagaa wa juani, na nane moja ya mgongoni imefumuka nusu nzima. Niliumia sana.

Mafundi wawili waliniambia ninunue nyingine. Huyu mama aliigeuza nje ndani, akaisogeza dirishani, akapitisha kidole taratibu juu ya mshono kama anayesoma. Akasema, "Papa, hii inapona." Akanivutia kiti, akaanza kufumua palepale, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano. Hakutumia wembe, maana kitambaa cha jezi kina vitundu vidogo na wembe ukiteleza umeshaharibu. Huku anafumua akaniuliza huyu 88 ni nani hata nimeng'ang'ania nguo yake miaka yote hii.

Nikamweleza, Mama, kwenye mpira wa Kimarekani kuna nafasi inaitwa taiti endi. Mtu huyu anasimama mwisho wa ukuta wa wazuiaji. Sasa hivi anasukumana na jitu la kilo mia na ishirini ili mwenzake apite na mpira, punde anachomoka mbio kudaka pasi katikati ya watu wanaotaka kumvunja mbavu. Ni kazi mbili kwa mshahara mmoja. Wengi miili inawakataa mapema. Gonzalez aliifanya misimu 17, kuanzia 1997 hadi 2013, 12 hapa kwetu na 5 Atlanta. Kati ya mechi 272 za msimu wa kawaida alicheza 270.

Sindano ikasimama. "Alikosa mbili tu?"

Mbili tu. Mimi nimekesha ghalani miaka mingi, najua maana ya kuripoti kazini mgongo ukiuma, kwa hiyo hesabu hiyo naiheshimu kuliko zote. Zipo nyingine: alidaka pasi 1,325, yadi 15,127, akafunga mara 111. Msimu wa 2004, wa kwanza mimi kuuona kwenye televisheni, alidaka 102, na hakuna mchezaji wa nafasi yoyote kwenye ligi nzima aliyedaka nyingi kuliko yeye. Chuoni California alicheza mpira wa kikapu pia, na ukimwangalia unaona: anatanguliza mwili kati ya beki na mpira, kama anayesubiri mpira uliogonga chuma urudi. Lakini msimu wake wa pili, 1998, mipira ilimponyoka ovyo. Akaanza kudaka mipira ya ziada kila siku ya mazoezi, na hakuacha mpaka anastaafu.

Kinachoniuma mimi ni mechi za mchujo. Akiwa Chiefs hakushinda hata moja. Yule mzee wangu alikuwa Arrowhead, uwanja wa Chiefs, Januari 2004 tulipofungwa 38 kwa 31 na Colts wa Indianapolis, na kila akisimulia sauti ilimkauka. Gonzalez alisubiri hadi msimu wa 16, Januari 2013, Atlanta dhidi ya Seattle. Zikiwa zimebaki sekunde chache wako nyuma kwa pointi moja, akadaka pasi ya yadi 19, mpiga mateke wao Matt Bryant akapiga teke la yadi 49, la pointi tatu, wakashinda 30 kwa 28. Gonzalez akalia machozi mbele ya kamera. Wiki iliyofuata wakatolewa na San Francisco. Mwaka 2019 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa mpira huu kule Canton, Ohio. Vijana wa sasa wanamtaja Travis Kelce tu, taiti endi wa Chiefs aliyekuja baadaye, na kweli Kelce amezipita rekodi zake za hapa klabuni, anastahili. Ila mimi nilimkuta Gonzalez.

Turudi kwa fundi. Alinitoza dola 40, taslimu, hapokei kadi. Alisema Jumamosi, nikaipata Jumatano, na simu hapokei akiwa kwenye cherehani, kwa hiyo usimpelekee nguo ya harusi ya keshokutwa. Kazi yenyewe sijaona mfano wake. Namba alizinyoosha kwa pasi isiyo kali juu ya kitambaa chenye unyevu, akazibana, akashona upya akifuata vitundu vilevile vya sindano ya zamani. Weupe wa uzi umelingana. Ameniagiza niifue kwa mkono, maji baridi, imegeuzwa, nianike kivulini.

Nyumbani niliigeuza kuangalia upande wa ndani. Nane ya kulia, chini kabisa, kuna kipande kama cha kidole kimoja ambapo uzi ni wa rangi ya maziwa, umechakaa kidogo. Nikampigia, safari hii akapokea.

"Ule ni wa zamani," akasema. "Ulikuwa unashika bado. Sikuutoa."