Makaburi ya Oakland, Atlanta: pa kushinda siku nzima

Nianze na bei: kuingia ni bure. Oakland ni mali ya jiji la Atlanta, malango hufungwa jua likizama, na ukishuka treni ya MARTA katika stesheni ya King Memorial unafika kwa miguu. Kinacholipiwa ni ziara za kuongozwa. Sisi tulijizungukia wenyewe, mimi na shemeji aliyekuja kututembelea kutoka Nakuru.

Shemeji alisita. Kwetu mtu huenda makaburini kuzika au kupalilia kaburi la babu, akimaliza anaondoka. Kumwambia mgeni "twende tukapunge upepo makaburini" ni kumpa maneno ya kupeleka nyumbani. Kilichomlainisha ni jina la mwimbaji Kenny Rogers, aliyefariki Machi 2020 na kuzikwa hapa. Mkenya aliyekulia nyumba yenye redio haelezwi Kenny Rogers ni nani. Shemeji alisimama pale akiimba taratibu, hadi mama mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake akamdakia kiitikio.

Mbwa, ndiyo. Wengine wanakimbia mazoezi, wengine wametandika shuka wanakula. Hapa si utovu wa adabu: tangu karne ya 19 familia zilikuwa zikija Jumapili na vikapu vya chakula, kila moja ikitunza maua kwenye kiwanja chake. Ndiyo maana ekari hizi 48 unaziona bustani kwanza, makaburi baadaye: waridi, mimagnolia, sanamu za malaika, na vijumba vya mawe walimozikwa matajiri. Kaburi la Bobby Jones, aliyetwaa mataji manne makubwa ya gofu mwaka 1930, lina jiwe la kawaida tu, ila mipira ya gofu imelizunguka. Mmoja ulikuwa umechubuka vibaya; nadhani mwenyewe alikuja kuomba msaada.

Lakini ukiishia kwenye maua utakuwa umeona nusu. Makaburi yalianzishwa 1850, enzi za utumwa, na watumwa walitengewa sehemu yao. Mwaka 1877 jiji likaamuru mabaki yao yafukuliwe na kuhamishiwa eneo la Weusi, viwanja vile wapewe Wazungu. Alama nyingi za mbao zilioza, kwa hiyo unapita kwenye nyasi tupu huku chini wamelala watu. Eneo hilo limekarabatiwa miaka ya karibuni, na mimi ndiko ningeanzia. Huko yuko Carrie Steele Logan, aliyezaliwa mtumwa, akafanya kazi stesheni ya treni, akawa anawachukua watoto waliotelekezwa hapo mpaka akaanzisha makao ya yatima mwaka 1888. Shemeji ni mwalimu wa shule ya msingi, hapo hakuimba.

Maynard Jackson, meya wa kwanza Mweusi wa Atlanta, naye amezikwa Oakland. Kila anayetua jijini amesoma jina lake kwenye uwanja wa ndege. Wako pia askari karibu 7,000 wa jeshi la majimbo ya Kusini lililopigania kubakiza utumwa. Mnara wao mrefu bado umesimama, ila sanamu yao ya simba iliondolewa 2021. Aliyezaliwa mtumwa, jenerali, meya na mwimbaji, wote ndani ya ukuta mmoja.

Kasoro? Njia za matofali zimeinuliwa na mizizi, viatu vya kisigino viache nyumbani. Kiangazi joto la Georgia halina utani. Beba maji, au njoo Machi na Aprili miti inapochanua. Na kula chakula kabla ya kuja. Sisi tulijitia kwenye mkahawa wa jirani, tukangoja samaki mpaka shemeji akauliza kama bado anavuliwa.