Nta au kava kwa gari linalolala nje Nakuru

Husemwa jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi. Laza gari nje Januari utaamini.

Kava huzuia jua na kinyesi cha ndege. Lakini ukiivisha gari chafu, upepo huitikisa na lile vumbi husugua rangi kama msasa. Mvua nayo ikinyesha, unyevu hukwama ndani. Palipochubuka, kutu huanza.

Nta inataka jasho: osha, kausha, paka kivulini, futa, na baada ya miezi 2 au 3 urudie. Ila maji huteleza na tope hutoka upesi. Mimi nimechagua nta. Kava niliwaachia wenye magari yasiyotembea.

Chini ya gari, hakuna kati ya nta na kava inayofika. Huko ni kuosha kwa maji tu.